Shangazi, mume wangu anakata pumzi usingizini: tununue mashine ipi na barakoa gani?

Shikamoo Shangazi,

Naandika kutoka Tororo. Mume wangu ni dereva wa trela. Anabeba makontena kutoka Mombasa hadi Kampala, na mara nyingine anaunganisha mpaka Elegu na mizigo ya Sudan Kusini. Ana miaka 51. Kukoroma kwake nilishakuzoea zamani. Kilichonitia hofu ni kile kimya. Anakoroma, anakoroma, ghafla kimya. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini nikiweka kiganja mbele ya pua yake sisikii hewa. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anageuka upande wa pili na kuanza tena. Asubuhi hakumbuki chochote, analalamika kichwa tu.

Mchana anasinzia popote. Alisinzia kwenye sijida msikitini mpaka jirani yake akamgusa bega. Presha ya damu haishuki ingawa anameza dawa mbili kila siku. Yote hayo nilivumilia, mpaka tanboi wake aliponiambia kwa siri kwamba alfajiri moja, wakikatiza msitu wa Mabira, ilibidi ashike usukani yeye kwa sababu mwenzake alikuwa amefumba macho.

Tukaenda Kampala, akapimwa usingizi kwa kifaa cha kufungwa kifuani na kidoleni usiku kucha. Jibu likatoka: AHI 38, yaani hesabu ya pumzi zinazokatika au kupungua kwa saa. Daktari akasema ni apnea ya usingizi, tena kali, akaandika kwamba anahitaji mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kooni kupitia barakoa, inayojirekebisha yenyewe, presha ya hewa 6 hadi 14. Hapo ndipo tulipokwama.

Shemeji yangu aliyeko Marekani ana mashine iliyotumika, ya jirani yake aliyefariki. Ni Philips. Anasema ataituma bure pamoja na barakoa yake. Duka moja la vifaa vya hospitali Kampala linauza mpya, lakini muuzaji alitutolea barakoa ya aina moja tu, ile kubwa ya kufunika pua na mdomo, akasema inamfaa kila mtu. Mume wangu alipovishwa pale dukani aliivua haraka, jasho linamtoka, akasema anazama. Ana ndevu ndefu na hataki kuzinyoa. Muuzaji huyohuyo akatushauri tuache CPAP tuchukue BiPAP, eti ndiyo yenye nguvu zaidi.

Tangu siku hiyo mume wangu amegoma. Anasema mashine hizo aliziona wakati wa korona, wakifungwa watu wanaokata roho, na kitu cha ICU hakitaingia chumbani kwake. Tena anauliza, stima ikikatika usiku si atakosa hewa humo ndani? Na akiwa safarini analala kwenye kabini ya lori, mashine ataichomeka wapi?

Shangazi, pesa tuliyonayo ni ya kununua mara moja tu. Tuchukue ipi? Na kuna jambo naona aibu kulisema: siku hizi nalala chumba cha watoto. Nikibaki naye silali, nahesabu pumzi zake. Nikiondoka, nalala nikiogopa nitakuta nini asubuhi.

Mama Watoto, Tororo

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku wote huo wa kuhesabu pumzi za mtu.

Nitaanza na barakoa kabla ya mashine, kwa sababu huko ndiko mlikokwama na ndiko wagonjwa wengi wanakokwama. Katika miaka yangu ya uuguzi, watu niliowaona wakiacha matibabu haya hawakuacha kwa sababu mashine ilikuwa ya kampuni hii badala ya ile. Waliacha kwa sababu ya kile kinachogusa uso: kinabana, kinavuja, kinapuliza machoni, kinachubua pua. Mashine za kuaminika zote zinafanya kazi ileile, kusukuma hewa kwa presha iliyopangwa ili koo lisifunge. Basi pesa yenu ya mara moja msiitoe mahali ambapo mumeo hawezi kujaribu barakoa zaidi ya moja. Muuzaji anayesema barakoa moja inamfaa kila mtu anakuuzia kilichopo rafuni kwake.

Aina kubwa ni tatu. Iko hiyo mliyoonyeshwa, ya kufunika pua na mdomo. Iko ya pua peke yake, inayokaa juu ya pua au chini yake. Na iko ndogo kuliko zote, yenye vijito, yaani mito midogo miwili laini ya silikoni inayokaa kwenye matundu ya pua bila kugusa sehemu nyingine ya uso isipokuwa mikanda ya kichwani. Kwa mtu mwenye ndevu ndefu, ile kubwa ni taabu: silikoni inatakiwa ishikane na ngozi kuzunguka mdomo na kidevu, na ndevu zinaacha mianya. Hewa inavuja, unakaza mikanda, anapata kidonda kwenye mfupa wa pua, na bado inavuja. Hata kwa wasio na ndevu, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba barakoa ya pua na mdomo kwa wastani inavuja zaidi, inadai presha kubwa zaidi, na watu huivaa saa chache kuliko ya pua. Ndiyo maana mimi ningetaka mumeo ajaribu kwanza ile ya vijito au ile ya kukaa chini ya pua. Ndevu zake azibakize. Masharubu tu ayapunguze kidogo pale juu ya mdomo, jambo ambalo nadhani hatalikataa.

Najua utaniambia, "Lakini Shangazi, analala mdomo wazi." Wengi wenye ugonjwa huu wanalala hivyo kwa sababu wanatafuta hewa. Koo likishashikwa wazi na presha, wengi hufunga mdomo wenyewe baada ya muda. Mfanyie jaribio dogo leo jioni: akae kitini, afunge mdomo, apumue kwa pua peke yake kwa dakika tano. Akiweza bila kuhangaika, aanze na ya pua. Asipoweza, pua yenyewe ndiyo itibiwe kwanza, na kwa mtu anayekula vumbi la barabara kila siku sitashangaa ikiwa imeziba. Daktari anaweza kumpa dawa ya kupuliza puani, na kuoshea pua maji ya chumvi kunasaidia sana, ila maji hayo yawe yamechemshwa na kupoa. Pua ikishindikana kabisa kufunguka, au mdomo ukaendelea kufunguka hata akiwa ameizoea mashine, hapo ndipo ile kubwa inapopata haki yake.

Sasa saizi. Barakoa za pua huja ndogo, za kati na kubwa, na baadhi ya kampuni zina saizi pana kwa ajili ya pua pana kama zetu. Ulizeni hiyo kwa jina lake, saizi pana, kwa sababu mara nyingi haiko mbele ya duka. Muuzaji mwenye kujua kazi ana karatasi ya kupimia upana wa pua au boksi lenye mito ya silikoni ya saizi zote ndani yake. Halafu mumeo asiijaribu akiwa amesimama. Alale chali, hata kama ni kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, mashine iwashwe, ipulize kwa presha iliyo karibu na atakayotumia, tuseme 10. Mikanda irekebishwe akiwa amelala, maana uso hubadilika mtu akilala. Ageuke kulia, ageuke kushoto. Weka mkono wako karibu na macho yake usikie kama hewa inapanda. Mikanda ikae kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Barakoa ambayo lazima ikazwe sana ili isivuje ni saizi isiyo yake, rudisheni.

Kuhusu kule "kuzama", muulize swali moja: siku ile dukani, mashine ilikuwa inapuliza, au alivishwa barakoa tupu? Barakoa isiyo na hewa inayoingia inamkosesha mtu raha hata kama ni mzima. Na kama mashine ilikuwa inapuliza kwa nguvu tangu sekunde ya kwanza, hilo nalo linaogofya. Mashine za siku hizi zina mpango wa kuanza na presha ya chini, 4 au 5, na kupanda polepole wakati mtu anasinzia. Zina pia mpango wa kulegeza hewa kidogo kila anapotoa pumzi. Vyote viwili viwashwe mwanzoni.

Halafu msianze na usiku. Aanze jioni, ameketi anatazama taarifa ya habari au mpira. Siku ya kwanza aishike barakoa kwa mkono puani, bila mikanda, mashine ikipuliza kidogo, aitoe anapotaka. Akishaona kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi, avae mikanda. Halafu alale nayo mchana. Halafu usiku. Mwingine anamaliza hatua hizo kwa siku mbili, mwingine wiki mbili, na hakuna aliyeshindwa kati yao.

Tuje kwenye ICU. Hapo mweleze kwa utulivu, na kama anapenda historia, mpe hii. Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya watu wanaokata roho. Aliyeibuni ni daktari wa Australia, Colin Sullivan, kule Sydney. Alimjaribia mgonjwa wa kwanza mwaka 1980, na mwaka 1981 matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet. Wagonjwa wake walikuwa kama mumeo: watu wanaotembea, wanaofanya kazi, ila koo linajifunga wakilala. Kabla ya hapo, dawa ya ugonjwa mkali wa aina hii ilikuwa kutobolewa koo. Wakati wa korona hospitali zilitumia presha ileile kusaidia mapafu yaliyojaa ugonjwa, na huko walichanganya na oksijeni nyingi. Ya nyumbani haiongezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inaisukuma. Mapafu ya mumeo hayana shida. Shida iko kooni, ambako misuli inalegea akilala, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zinarudi na kufunga njia. Hiyo AHI 38 ina maana kwamba kwa wastani pumzi yake inakatika au kupungua mara 38 kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida, kuanzia 30 ni kali. Kila mara oksijeni inashuka na ubongo unamwamsha kidogo bila yeye kujua, na ndiyo maana presha ya damu inagoma kushuka.

Na stima ikikatika? Swali zuri, na mwambie nimesema ni zuri. Barakoa zote zina matundu madogo ya kutolea pumzi chafu, ambayo hayafunikwi kamwe, si kwa shuka wala plasta. Kwenye barakoa ya pua, mashine ikizimika mdomo uko huru: anaufungua, anapumua. Kwenye ile ya pua na mdomo kuna vali ya usalama inayofunguka yenyewe hewa ikikoma kuja, na kabla ya kuinunua lazima mwonyeshwe iko wapi na inafunguka vipi. Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba mtu anaamka, anaivua, analala vile alivyokuwa akilala zamani, yaani kwa kukoroma na kukata pumzi. Hafi kwa sababu ya mashine. Hii ni sababu nyingine, kwa nchi yetu ambayo umeme haujatulia, ya kupendelea ile ya pua.

Umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaoua vifaa. Pitisheni mashine kwenye kile kifaa cha kulinda friji. Adapta za mashine nyingi zinapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata ya kutoka Marekani itafanya kazi kwa umeme wetu ikibadilishwa plagi tu. Lakini someni maandishi ya kwenye adapta kabla ya kuchomeka.

Mashine sasa. Daktari ameandika ya kujirekebisha, 6 hadi 14, na mimi namuunga mkono. Ya presha moja isiyobadilika nayo hutibu vizuri, ila mara nyingi inadai mtu ajulikane presha yake kamili kwa kulala maabara, safari ambayo kwenu ni gharama nyingine. Ya kujirekebisha inapanda na kushuka yenyewe usiku kucha kulingana na koo. BiPAP, ambayo hupuliza presha mbili, kubwa mtu akivuta pumzi na ndogo akiitoa, ni kifaa kizuri kwa wanaokihitaji: wenye matatizo fulani ya mapafu, misuli au uzito mkubwa unaobana pumzi hata wakiwa macho, au walioshindwa kabisa CPAP. Daktari wenu hakuiandika. Muuzaji hana ruhusa ya kubadilisha karatasi ya daktari.

Hakikisheni mashine inaweka kumbukumbu: saa alizovaa, hewa iliyovuja, na AHI iliyobaki. Zingine huandika kwenye kadi ndogo, zingine hutuma kwa simu. Bila kumbukumbu daktari atakuwa anabahatisha. Na ulizeni maswali haya kabla ya kulipa: mito ya barakoa na filta mnavyo Kampala, au vinaagizwa? Vikiagizwa huchukua muda gani? Mashine ikiharibika nani anaitengeneza? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, nendeni duka lingine. Habari njema ni kwamba mrija wa mashine nyingi una mdomo wa kipimo kimoja, milimita 22, kwa hiyo mnaweza kuchukua mashine ya kampuni moja na barakoa ya nyingine. Baadhi ya zile ndogo za safari ndizo zenye mdomo wake wa pekee na kukulazimisha barakoa zake tu. Hizo mzikwepe kama ndiyo mashine yenu pekee.

Ile ya shemeji yako. Najua bure ni neno tamu mtu akiwa na watoto wa kusomesha. Lakini Juni 2021 kampuni ya Philips yenyewe ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine zake za usingizi, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele inaweza kumomonyoka, na mtu akavuta chembe zake au gesi zake. Zimo DreamStation za kizazi cha kwanza na nyinginezo zilizotengenezwa kabla ya 26 Aprili 2021. Hadi leo zimo makabatini mwa watu. Mwambie shemeji apige picha ya maandishi ya chini ya mashine, jina la modeli na namba yake, aangalie kwenye tovuti ya kampuni kama imo kwenye orodha. Ikiwa imo na haijatengenezwa upya na kampuni, asiitume, hata kama inawaka vizuri. Mtu asijaribu kuing'oa sponji hiyo kwa bisibisi nyumbani.

Ikiwa haimo, bado kuna ya kuangalia. Je, ni ya kujirekebisha au ya presha moja? Imefanya kazi saa ngapi? Iko hesabu ndani ya mashine. Mashine hizi hutengenezwa kudumu miaka mitano hivi, kwa hiyo yenye saa nyingi inaweza kuwaachia njiani. Je, mwenyewe alikuwa mvutaji sigara? Harufu hiyo haitoki. Ikipita yote hayo, ichukueni kwa shukrani, lakini barakoa, mrija, tangi la maji na filta viwe vipya, na mipangilio ya marehemu ifutwe, iwekwe ya mumeo na mtu wa kliniki. Barakoa ya marehemu ibaki Marekani. Na barakoa yoyote yenye sumaku kwenye vifungo vyake iepukwe ikiwa mumeo, au yeyote anayelala karibu naye, ana kifaa cha kuendesha moyo au chuma cha aina hiyo mwilini.

Kabini ya lori ndiyo iliyonifurahisha kuijibu, maana inawezekana kabisa. Malori makubwa yana umeme wa volti 24. Kwa mashine nyingi zipo adapta maalumu za kuchomeka moja kwa moja kwenye umeme wa gari, lakini si kila adapta inakubali 24. Zingine ni za volti 12 na zitaungua. Soma, uliza, halafu nunua. Hii ni bora kuliko inveta za bei rahisi, ambazo umeme wake mchafu unaweza kuharibu mashine. Mashine yenyewe hutumia umeme kidogo sana. Kinachokula betri ni joto: sahani ya kupasha maji na mrija wenye joto. Akiwa kabini azime vyote viwili, alale na hewa kavu, na betri itavumilia mpaka asubuhi. Kwa usalama ningependa awe na betri ya pembeni, asije akaamka Malaba lori haliwaki. Betri hiyohiyo, ikichajiwa na sola au umeme wa nyumbani, itawasaidia usiku wa giza hapo Tororo. Abebe barua ya daktari pamoja na mashine. Mpakani itamwokolea maelezo.

Kabini ina vumbi, kwa hiyo filta iangaliwe kila wiki. Ile nyeupe nyembamba haioshwi, inatupwa ikiwa ya kijivu. Barakoa ifutwe kila asubuhi, maana mafuta ya uso ndiyo yanayofanya silikoni iteleze na kuvuja, na kila wiki ioshwe pamoja na mrija kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, vikaushwe kivulini. Kwenye tangi yatumike maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Ya bomba hata yakichemshwa yanaacha magadi. Na nakusihi, yasiwe yale ya betri ya gari yanayouzwa vituo vya petroli. Chupa hizo zinafanana, na zingine zina asidi ndani. Maji yamwagwe kila asubuhi. Mashine ikae chini ya usawa wa kitanda ili maji yasimtiririkie puani.

Sasa nisikilize kwa makini, na hili msomee mumeo kwa sauti. Mtu mwenye AHI 38 aliyefumba macho Mabira hapaswi kuendesha trela mpaka usingizi wa mchana uwe umedhibitiwa. Najua ndiyo riziki yenu. Najua pia kwamba barabara ile ina mabasi ya abiria, bodaboda na watoto wa shule. Azungumze na mwenye lori sasa hivi, kabla hajazungumza na trafiki: apewe likizo, au kazi ya yadi, au awe na dereva mwenza, mpaka daktari aseme sawa. Wengi huanza kuchangamka ndani ya siku au wiki chache wakivaa mashine usiku mzima, kwa hiyo si kifungo cha maisha. Mairungi (miraa) si jibu. Yanaficha usingizi bila kuulipa, na presha yake ya damu hayaitakii mema. Vidonge vya usingizi navyo asiviguse, vinalegeza koo zaidi. Huku mkisubiri mashine alale ubavu, kichwa kiinuliwe, na akiweza kupunguza uzito atapunguza na ugonjwa, ingawa hilo ni la miezi na mashine ni ya sasa.

Kuhusu chumba cha watoto, mwanangu, aibu hiyo itue. Mke asiyelala naye anaugua. Mwambie ukweli kwamba uliondoka kwa hofu, wala hukuondoka kwa kuchoshwa naye, huenda hajui. Ukiweza, mrekodi kwa simu usiku mmoja, sauti tu, kile kimya na ule mshtuko, umwekee asikilize mchana mkiwa wawili. Wanaume wengi wagumu hulainika hapo, kwa sababu hawajawahi kujisikia. Akishavaa mashine vizuri, usiku utakaosikia ni mvumo mdogo wa hewa, na utajua mwenyewe lini urudi.

Baada ya mwezi hivi wa kuitumia, rudini kwa daktari na kadi ya mashine au simu yenye kumbukumbu. Mwangalie tatu: anavaa saa zote anazolala, AHI imeshuka chini ya 5, na hewa haivuji sana. Kama inavuja ni barakoa. Kama AHI haijashuka ni presha. Kama havai, niandikie tena unieleze anakwama wapi. Presha ya damu ipimwe siku hiyohiyo. Huenda ikaanza kushuka, lakini vidonge vyake asipunguze mwenyewe, amwachie daktari.

Shangazi